Usiulize ndoto ina maana gani kabla hujauliza imeingia saa ngapi

Ukipita barazani Ngamiani, hapa Tanga, baada ya Alasiri, dele la kahawa likizunguka na kashata zikipita mkono kwa mkono, maswali ya ndoto hayakosi. Nimeota meno yananitoka mdomoni. Nimeota harusi kubwa lakini bibi harusi simjui. Nimeota nalishwa nyama. Majibu nayo yapo tayari kabla msemaji hajamaliza: meno ni kifo cha jamaa, harusi ni msiba, kulishwa usiku kuna mkono wa mtu. Mwenye ndoto anarudi nyumbani na mzigo ambao hakutoka nao.

Swali ambalo hulisikii barazani ni dogo tu: uliamka saa ngapi, na nini kilikuamsha? Mambo mengi tunayoyahesabu kuwa ya ajabu katika ndoto hujieleza yenyewe ukishajua hayo mawili.

Tumchukue mtu aliyelala saa 4 usiku, tuseme Makorora, chandarua kimeshushwa na feni inazunguka. Dakika za mwanzo yuko kwenye mang'amung'amu. Anasikia bodaboda barabarani, huku vipicha visivyo na kichwa wala miguu vikimpita machoni. Mguu unaweza kuruka ghafla kama wa mtu aliyekosa ngazi, akagutuka. Kugutuka huko hakuna tafsiri, ni misuli inayojikaza ghafla mwili unapolegea. Kisha anazama, na ndani ya nusu saa hivi yuko kwenye usingizi mzito, ule tunaouita wa pono, kwa jina la samaki anayelala mwambani usiku hadi mvuvi akamsogelea. Ukimwamsha hapo atakukodolea macho asijue yuko wapi. Ukimuuliza alikuwa anaota nini, mara nyingi hana kitu, au ana wazo kavu tu la kodi ya nyumba.

Baada ya dakika 70 hadi 90 tangu alale, hali inageuka. Macho yanaanza kwenda huku na huku chini ya kope, pumzi na mapigo ya moyo yanapoteza mpangilio, na ubongo unachemka karibu sawa na wa mtu aliye macho. Mwili nao umelegea kabisa, isipokuwa macho, kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) na vidole vinavyostukastuka. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago ndio walioieleza hali hii mwaka 1953, na wataalamu huiita REM. Hapa nitaiita usingizi wa macho kucheza, maana ndicho unachokiona ukimtazama mtu aliyelala. Mwamshe hapo, na mara kama 8 katika 10 atakuwa na kisa cha kukusimulia. Ndoto zipo hata katika hatua nyingine za usingizi, ila huwa fupi na hazina mambo mengi.

Mzunguko mzima, kutoka kuzama hadi macho kucheza, ni kama dakika 90, na usiku mmoja una minne au mitano. Mizunguko hiyo hailingani. Ya mwanzo imejaa usingizi mzito, na macho hucheza kwa dakika 5 au 10 tu. Kadiri usiku unavyosonga, usingizi mzito hupungua na macho kucheza hurefuka, hata ukafika nusu saa na zaidi kwenye mzunguko wa mwisho. Kwa huyu wa saa 4, ndoto ndefu zenye watu, safari na ugomvi huangukia kati ya saa 9 usiku na saa 12 asubuhi. Ukijumlisha usiku mzima, mtu mzima hupata kama saa moja na nusu hadi mbili za usingizi huo. Kwa mtoto mchanga ni karibu nusu ya usingizi wake wote.

Sasa weka juu ya ramani hiyo adhana ya Alfajiri, ambayo Tanga huingia saa 11 na dakika zake. Muadhini anawakuta watu wengi katikati ya ndoto. Wazee husema ndoto ya karibu na alfajiri ndiyo ya kweli. Sibishani nao kuhusu ukweli wake, lakini kwa hakika ndiyo inayokumbukwa. Ndoto ya saa 6 usiku ilikuwepo pia. Ila mwenyewe aliivuka akazama tena kwenye usingizi mzito, ikafutika. Ubongo unapoota, noradrenalini, kemikali inayosaidia kunasa kumbukumbu, huwa imeshuka mno, kwa hiyo kisa hakinasi mpaka uamke ukiwa ndani yake. Watu wengi hudhani wameikumbuka ndoto kwa sababu ilikuwa nzito, kumbe wameikumbuka kwa sababu jogoo aliwika wakati muafaka.

Mtu akikwambia mwezi wa Ramadhani anaota sana, mwamini, kisha hesabu saa zake. Anaamshwa saa 10 kula daku, yaani katikati kabisa ya kipindi cha ndoto. Akilala tena baada ya Swala, anaingia kwenye macho kucheza upesi, maana saa ya mwili bado iko upande huo. Anaamka saa 2 asubuhi na ndoto ya pili. Kwa kuhesabu, ndoto zimeongezeka maradufu. Kilichoongezeka ni kuamka.

Joto nalo lina mchango ambao watu hawauhesabu. Mwili ukiwa kwenye macho kucheza unaacha karibu kabisa kujirekebisha joto. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, chini ya bati lililokunywa jua mchana kutwa, umeme ukikatika na feni ikasimama, usingizi unakatika vipande vipande. Unalala kidogo, na usingizi wa ndoto wenyewe unapungua, lakini kila kipande kinakupa nafasi ya kukumbuka kilichokuwa kinaendelea. Ndiyo maana mtu anaamka amechoka huku akilalamika kwamba ameota usiku kucha. Kusi likiingia, mambo yanatulia bila mganga.

Wavuvi wa dagaa wana ramani yao peke yao. Wanatoka na taa zao nyakati za giza, mwezi ukipevuka wanapumzika, na wakiwa kazini hurudi alfajiri na kulala jua likichomoza. Asubuhi ndiyo saa ambayo mwili unapendelea macho kucheza, kwa hiyo wao hupita njia ya mkato kuelekea kwenye ndoto, na jinamizi, ile hali ya kuamka mwili ukiwa umekwama, huwapata kwa urahisi. Mkata mkonge yuko upande wa pili. Anaondoka nyumbani alfajiri awahi kabla jua halijakaza, na kila siku ya kazi anakatwa saa mbili za mwisho, ambazo ndizo zenye ndoto nyingi. Siku ya mapumziko ubongo unadai deni lake: akiachwa alale hadi saa 3 asubuhi, ataota ndoto ndefu, kali, zenye rangi, na barazani ataulizwa nani kamkasirikia.

Kwa nini ubongo ujisumbue na haya yote? Maelezo yapo zaidi ya moja, na kwangu hayagombani kama vitabu vinavyotaka yagombane. Mwaka 1977 Allan Hobson na Robert McCarley wa Harvard walisema shina la ubongo hurusha ishara juu bila mpango, na ubongo wa juu, ambao hauvumilii fujo, huzisuka kuwa kisa. Hilo linaeleza vizuri kwa nini unakuwa Pangani, ukigeuka uko darasani, na hushangai. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayouliza "hii inawezekanaje?", huwa imetulia, wakati sehemu za hofu na hisia zimeamka. Antti Revonsuo wa Finland alikuja mwaka 2000 na wazo kwamba ndoto ni uwanja wa mazoezi wa hatari: ukifukuzwa usingizini mara mia, utakimbia vizuri mara moja ya kweli. Naona linawafaa zaidi watoto na watu waliopitia vita kuliko karani anayeota amesahau funguo.

Linalonivutia zaidi ni la kumbukumbu. Mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake waliwachezesha watu mchezo wa kompyuta wa Tetris kwa siku kadhaa, wakiwemo wagonjwa waliopoteza uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya. Wagonjwa hao hawakukumbuka hata kuwa waliwahi kuucheza. Lakini usingizi ulipoanza kuwachukua waliona vipande vikidondoka na kupangana. Mwaka uliofuata, huko Massachusetts, panya walioikimbia njia ya duara mchana walionekana wakiikimbia tena usingizini: seli za ubongo ziliwaka kwa mfuatano uleule. Kwa hiyo ubongo unachambua mzigo wa mchana kama mama anavyopeta mchele kwenye ungo, na sisi tunaona makapi yanayoruka.

Hapo ndipo swali la maana linapopata mguu wa kusimamia. Ndoto imetengenezwa kwa vitu vyako. Calvin Hall na Robert Van de Castle, katika kazi waliyoitoa mwaka 1966, walichambua ndoto 1,000 za wanafunzi wa Marekani, wakahesabu watu, mahali, ugomvi, bahati na mikosi. Mikosi ilizidi bahati, na hisia mbaya zilizidi nzuri. Hao walikuwa vijana wazima tu, wenye maisha ya kawaida. Basi ndoto ya kukosa gari, kupotea njia au kugombana na ndugu ni ndoto ya kawaida kabisa, na anayeiona kila wiki hajarogwa.

Ukitaka kujua kitu fulani kimetoka wapi, tazama nyuma mara mbili. Kwanza jana na juzi. Ukikosa, tazama siku 5 hadi 7 zilizopita, kwa sababu mambo ya mchana yana tabia ya kurudi ndotoni kwa mawimbi mawili: mara moja, halafu tena baada ya wiki hivi. Wengi hukwama hapa. Wanaikagua jana, hawaoni kitu, wanahitimisha kuwa ndoto imetoka nje yao. Kumbe ni mazishi ya Jumatano iliyopita.

Turudi kwenye harusi inayoitwa msiba. Fikiria shughuli mbili hizo hapa Tanga zinavyoonekana kwa macho: maturubai yamefungwa mbele ya nyumba, viti vya kukodi, majamvi, masufuria makubwa uani, kina mama wamejifunga khanga wakichambua mchele, jamaa wa Muheza na Mombasa wote wamefika. Ukiondoa ngoma na udi, picha ni ileile. Ubongo unaochambua mkusanyiko mmoja utaazima vifaa vya mwingine. Juu ya hilo kuna hesabu ambayo baraza haiifanyi. Ukoo wa pwani wenye mashangazi, wajomba na mabinamu hadi wa kunyonya hauhitaji ndoto ili msiba uingie ndani ya miezi mitatu. Ukiingia, ndoto inakumbukwa. Usipoingia, hakuna anayekuja barazani kusema: niliota meno, na watu wote wazima.

Kwa meno kuna jambo la kushika zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa Israel kwa wanafunzi wa chuo kikuu, ulikuta kuwa ndoto za meno kuanguka zinakwenda sambamba na meno au fizi kuuma na taya kukaza wakati wa kuamka, kuliko na wasiwasi wa moyoni. Mtu anayeota meno mara kwa mara ajaribu kwanza mambo mawili rahisi. Akiamka, aguse taya chini ya masikio aone kama inauma, na amuulize anayelala naye kama anasaga meno usiku. Jibu likiwa ndiyo, aende kwa daktari wa meno.

Vijitabu vya tafsiri ya ndoto vinavyouzwa mitaani vina jina la Ibn Sirin, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 110 Hijria. Wanahistoria wengi wanaona vitabu hivyo viliandikwa na wengine baadaye na kubandikwa jina lake, na haishangazi, jina kubwa huuza. Lakini kisa maarufu kinachosimuliwa juu yake kina akili kuliko kijitabu chote. Watu wawili walimjia, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akamwambia atahiji, mwingine kwamba atakatwa mkono kwa wizi. Ndoto ni moja, waliolala ni wawili. Orodha ya "nyoka ni adui, samaki ni mimba" imeruka hatua hiyo, ambayo ndiyo tafsiri yenyewe.

Mafundisho ya dini yenyewe yana uangalifu ambao mitaani tumeutupa. Hadithi za Mtume zimegawa ndoto mafungu matatu: bishara njema kutoka kwa Mwenyezi Mungu, kitisho cha shetani, na mambo ambayo nafsi inajizungumzia. Fungu la tatu husahauliwa kabisa barazani, na sayansi yote niliyoitaja inaishi humohumo. Kwa ndoto mbaya, mafundisho ni kutema mate kidogo kushoto mara tatu, kujikinga kwa Mungu, kugeukia ubavu mwingine na kutomsimulia mtu. Ukiyatazama kwa jicho la tabibu wa usingizi, kila hatua ina kazi: unaamka kikamilifu, unabadilisha mkao, na hutoi kitisho nje kikakuzwe na watu kumi. Istihara, sala ya kumwomba Mungu mwongozo katika uamuzi, nayo imebebeshwa isichobeba. Watu husali rakaa mbili, wakalala wakingoja kuoteshwa mchumba. Hadithi ya Jabir inayofundisha dua hiyo haina neno ndoto ndani yake. Wanaolala wakingoja hivyo, bila shaka wataota mchumba. Ndiye waliyelala wakimfikiria.

Wazungu nao walipita njia zao. Sigmund Freud alisema mwaka 1900 kwamba ndoto ni matamanio yaliyovishwa nguo ili yasitambulike, jambo ambalo halipimiki, maana kila jibu unalompa anaweza kusema ni nguo tu. Carl Jung alifika hadi mlima Elgon mwaka 1925 kuwauliza wenyeji ndoto zao. Mzee mmoja, mwaguzi, alimjibu kwa huzuni kwamba zamani waaguzi waliota na kujua vita, maradhi na mvua, lakini tangu wazungu waje hakuna anayeota tena, kwa sababu DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, anajua kila kitu. Nimeipenda sana kauli hiyo kuliko nadharia nyingi. Inaonyesha kuwa ndoto hupata kazi palipo na mtu wa kuisikiliza.

Jinamizi linastahili nafasi yake. Mtu anaamka, macho yamefunguka, anaona dari na chandarua chake, lakini hawezi kuinua hata kidole. Kifua kimekandamizwa. Kuna mtu chumbani, wengine humwona, wengine humhisi tu mlangoni au juu ya kitanda. Anataka kupiga kelele, sauti haitoki. Kilichotokea ni kwamba akili imetoka kwenye macho kucheza kabla ya mwili. Shina la ubongo hufunga misuli kila tunapoota ili tusiitende ndoto. Michel Jouvet wa Lyon alilithibitisha hilo kwa paka: alipoharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo, paka waliolala waliinuka na kuvamia mawindo yasiyokuwepo. Katika jinamizi kufuli hiyo imechelewa kufunguka. Kifua kinaonekana kizito kwa sababu wakati huo unapumua kwa kiwambo tu, na ukijaribu kuvuta pumzi kubwa kwa nguvu misuli ya mbavu haikuitikii. Mtu aliye chumbani ni ndoto iliyobaki, ikijengwa na ubongo ulioamka kwa hofu.

Karibu watu 8 katika 100 hupatwa na jambo hili angalau mara moja maishani. Huisha lenyewe, kwa sekunde kadhaa hadi dakika chache. Halisimamishi pumzi wala haliui. Likikushika, usipambane na mwili mzima, kwani kupambana na kifua ndiko kunakoongeza hofu. Chagua kidole kimoja cha mguu au cha mkono, kitikise hichohicho, na uiache pumzi iende fupifupi inavyotaka. Likikuachia, usijilaze tena palepale. Kaa kitako, washa taa, nawa uso, kaa kama dakika 5, kisha lala kwa ubavu. Ukirudi chali mara moja, linaweza kukushika tena, na watu husema "alirudi". Kulala chali, kukosa usingizi siku mbili tatu na kubadili saa za kulala ndiyo milango yake mikubwa. Hofu ya popobawa, jini lililosemwa kuwavamia watu usingizini, iliyotikisa Pemba na Unguja mwaka 1995 inaeleweka kiasi ukiiweka hapa: watu walikesha nje kuzunguka moto kwa woga, wakapungukiwa usingizi, na upungufu huo ndio unaomzaa mgeni wa kifuani.

Kwa watoto, saa ndiyo hukumu. Mtoto wa miaka minne akiinuka saa 5 usiku, yaani saa moja au mbili baada ya kulala, akapiga mayowe macho yakiwa wazi, jasho likimtoka, asimtambue hata mamake, hajaona jini. Huo ni usingizi mzito uliokatika nusunusu. Hakuna ndoto ndani yake au ipo kidogo sana, na asubuhi hatakumbuka. Kumtikisa na kumwagia maji kunarefusha. Mkinge asianguke, ongea polepole, ngoja dakika zake zipite. Akiamka saa 10 alfajiri analia, anakutambua na anakwambia kulikuwa na mbwa, hiyo ni ndoto mbaya, na huyo ndiye wa kukumbatiwa. Lakini ngozi ikiwa ya moto, viungo vikikakamaa au kurushwarushwa, hiyo ni degedege. Mkimbize hospitali usiku huohuo. Malaria haisubiri mafusho.

Kuna ndoto zinazotoka kwenye pakiti ya dawa. Efavirenz, iliyotumika miaka mingi kwenye dawa za kufubaza VVU, inajulikana kwa ndoto kali na kizunguzungu usiku. Ikimezwa pamoja na chakula cha mafuta mengi huingia kwa wingi zaidi mwilini na kuzidisha hayo, ndiyo sababu wagonjwa huambiwa wameze wakati wa kulala tumbo likiwa tupu. Propranolol ya moyo na presha huleta ndoto mbaya kwa baadhi ya watu, na meflokwini ya malaria vilevile. Dawa hizi haziachwi kienyeji kwa sababu ya ndoto. Unarudi kwa aliyekuandikia, unamwambia tarehe uliyoanza dawa na tarehe ndoto zilipoanza. Tarehe hizo mbili zina thamani kuliko maelezo ya kurasa tatu. Mnazi na pombe nyingine hufanya kinyume kwanza: hukandamiza macho kucheza nusu ya mwanzo ya usiku, kisha yanaibuka kwa kishindo kuelekea alfajiri. Anayeacha ghafla baada ya kunywa sana kwa muda mrefu ataota vitu vya kutisha siku za mwanzo, na akianza kutetemeka au kuona vitu akiwa macho, hapo pana hatari ya kweli na hospitali ndiyo pahala pake.

Anayetaka kuzijua ndoto zake aweke daftari na kalamu pembeni ya mto, ndani ya chandarua, maana kukiinua ili utafute kalamu kunatosha kuifuta ndoto. Ukiamka, usisogee wala usiguse simu. Kamata picha ya mwisho, uliza kabla yake kulikuwa na nini, na kabla ya hapo. Kisa hurudi kinyumenyume kama kamba inayovutwa kisimani. Andika kwanza maneno matano sita makavu, sentensi zitakuja baadaye. Chini yake weka saa uliyolala, saa uliyoamka, kilichokuamsha, dawa au kinywaji, na hisia uliyoamka nayo. Hisia hudanganya kidogo kuliko picha. Ukiwa huamki na kitu kabisa, tega saa iite baada ya saa 6 tangu usingizi ukuchukue, au saa 7 na nusu, na ufanye hivyo siku ambayo huna safari. Kosa la kawaida ni kuandika tafsiri badala ya ndoto: "nimeota adui" wakati ulichoona ni jirani anakuomba chumvi. Baada ya wiki tatu au nne, soma kwa mkupuo. Jambo linalorudi mara tano ndilo la kufikiria. La mara moja liache lipite.

Ndoto mbaya inayorudi ileile ina dawa isiyouzwa. Mchana, ukiwa umetulia, iandike kwa ufupi. Ibadilishe mahali popote unapotaka: aliyekuwa anakufukuza anasimama na kukuuliza njia, mlango uliofungwa unafunguka. Mabadiliko ni yako, hayahitaji mantiki. Kisha fumba macho uipitie ile mpya tu, dakika 10 hadi 20 kila siku, kwa wiki kadhaa. Barry Krakow na wenzake waliipima njia hii kwa wanawake waliofanyiwa ukatili na ndoto zao mbaya zilipungua. Inaharibika kwa namna mbili. Mtu anaanza na ndoto nzito kuliko zote badala ya ndogo, akazidiwa. Au anairudia ile ya zamani akidhani anafanya mazoezi, naye anaikaza. Na kama ndoto ni tukio halisi lililokupata, usiifanye peke yako. Tafuta mtaalamu wa afya ya akili.

Limebaki la mzee anayepigana usingizini. Mwanamume aliyevuka miaka 50, mpole mchana, usiku anarusha ngumi, anapiga mateke, anaruka kitandani, na ukimwamsha anasema alikuwa anamfukuza mwizi. Nyumbani watasema ana maruhani. Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota waliueleza ugonjwa huu mwaka 1986: kufuli ya misuli imelegea, kama ya wale paka wa Jouvet. Una umuhimu kwa sababu wengi wao, baada ya miaka kadhaa, huonyesha dalili za Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, au maradhi ya jamii hiyo. Leo usiku ondoa kinara cha kioo na stuli yenye ncha karibu na kitanda, shusha godoro chini ikibidi, na anayelala naye ahamie kitanda kingine kwa muda. Kisha apelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na mkewe aende naye chumbani kwa daktari. Mzee hajui anachokifanya usiku. Anayejua ni yule mwenye alama mkononi.